Kwanza msikilizaji azime redio

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kinachomkwamisha mtangazaji chipukizi wa kipindi cha mazungumzo: ni kukosa sauti au kukosa cheti? Sauti si shida, Mwanza zimejaa. Cheti ni karatasi. Wengi wanaangushwa na simu.

Msikilizaji akipiga huku redio yake inanguruma pembeni, sauti ya studio inatoka kwenye spika yake, inaingia kwenye simu, inarudi studio na kurushwa upya. Hapo ni mwangwi, ukizidi ni mluzi. Anayepokea simu amwambie mapema azime redio au atoke nje, amuulize jina na hoja yake, ndipo fada ya simu, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti yake mezani, ipandishwe. Mluzi ukianza, shusha fada hiyo hiyo, ya mikrofoni usiiguse, na mtangazaji aendelee kuongea. Wapya hunyamaza, halafu "haloo, haloo" zinaanza.

Ila kuna kipindi kimoja cha asubuhi hapa kwetu, mada bei ya dagaa. Kijana mtangazaji kauliza kwa nini imepanda, mpigaji wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba akamjibu, "Tuko kwenye mbalamwezi, kaka." Kijana akacheka, eti leo tumepata mshairi, akamkata. Weee! Laini zikajaa. Huku ziwani hata mtoto anajua dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanazifuata, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa kila mahali, taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzishwa, mzigo unapungua sokoni. Mama mmoja wa Igombe akamweleza hayo taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Kijana akamuuliza, "Na serikali inasemaje kuhusu hilo?" Kuhusu mwezi!

Siku ile simu zilikuwa safi kabisa, wala hakukuwa na mluzi. Kilichokosekana ni maandalizi, kupiga simu mbili tatu sokoni jioni iliyotangulia, na kujua kuuliza "una maana gani?" Hayo chuoni yanafundishwa. Pale Nyegezi, SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wana masomo ya habari na redio yao hapo hapo. Basi kura yangu naipa cheti, kwa shingo upande.

Lakini anayejitolea bila posho, nauli ya daladala kutoka Buhongwa anakopa, ada ataitoa wapi? Huyo kituo kimweke kwanza kwenye kupokea na kuchuja simu, miezi kadhaa, ndipo apewe mikrofoni.