Umepata fildi kwenye sera za usimamizi wa mabenki? Soma hii kabla hujapanda basi

Juzi nimekaa zangu Shangani, hapa Mtwara, napunga upepo, dogo mmoja anayesoma masters ya uchumi akanipigia, kaka nimepata fildi ya miezi mitatu kwenye mambo ya sera za kusimamia mabenki, nijiandaeje? Nikamwambia ntakuandikia maana kwa simu dakika zitaisha kabla hatujafika popote. Basi ndo hii, na wengine mnaoenda someni tu.

Tuanze na maombi. Barua yangu ya kwanza ilikuwa takataka, mara mi ni mchapakazi, mara naweza kufanya kazi chini ya presha, nikatuma ofisi nne na hakuna hata moja iliyojibu. Ya tano nilishachoka nikaandika tu kitu nnachokijua, kwamba kwetu Tandahimba mtu anauza korosho kwa kangomba mwezi wa saba zikiwa bado maua kwenye mti, kwa bei ya kutupa, kwa sababu hela ya palizi hana na mnada mpaka mwezi wa kumi huko, afu nikauliza sheria zetu za mikopo huyu mtu zinamuona wapi. Ukurasa mmoja tu. Siku ya tatu wakanipigia.

Ofisi siitaji. Ilikuwa Dar, nikafikia kwa mjomba Mbagala, kila siku daladala mpaka Posta nimesimama. Kuhusu posho niliambiwa "inashughulikiwa" na ikaendelea kushughulikiwa mpaka nikabakiza wiki mbili kuondoka, kwa hiyo beba akiba yako, usije ukaanza kumkopa mjomba nauli.

Wiki ya kwanza wakanipa sheria nisome. Ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 na ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Nikaona kama wananidharau, mi nilitegemea modeli na eksel, kwa hiyo nikawa nasoma vifupisho vya mtandaoni halafu naitikia tu kwenye vikao. Usifanye hivyo. Kwa mfano ile ya 2018 imegawa watoa huduma madaraja manne, wale wakopeshaji wasiopokea amana, yaani hawatunzi hela za watu, wako daraja la pili na Benki Kuu inawasimamia yenyewe, SACCOS, vile vyama vya akiba na mikopo, daraja la tatu zinaangaliwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vikoba vya kina mama wa Chikongola ni daraja la nne na huko ni kazi ya halmashauri. Sasa mama kachukuliwa kitanda na watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba za kuumiza, ukijua hayo madaraja unajua alalamike wapi, usipojua unabaki kulaumu "serikali" kama kijiweni.

Ila somo lenyewe nililipata mwezi wa pili. Niliambiwa niandike kurasa mbili kuhusu mikopo ya kilimo, mtoto wa Kusini nikasema hapa ndo pangu. Nikaandika kwa hasira kabisa kwamba kanuni inamuonea mkulima wa korosho, maana mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabika chechefu, yaani mkopo mbaya, na benki inatakiwa itenge hela ya kufidia, na mkulima akikopa Januari rejesho la kwanza Februari, mwezi wa tano ukiisha keshapita hizo siku wakati korosho yenyewe hata haijatoa ua. Nikaona nimeua. Msimamizi wangu, dada mmoja mpole sana, akasoma yote akapiga mstari kwa penseli chini ya neno "kanuni", akaniuliza, "Kifungu gani hicho, mdogo wangu, kinachosema alipe kila mwezi?"

Nikatafuta mpaka saa kumi na moja jioni. Hakuna. Siku 90 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya kulipa iliyopita, na hiyo tarehe imewekwa na benki yenyewe kwenye mkataba, hakuna aliyeikataza isiweke Novemba baada ya mnada wakati hela ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inaingia kwenye akaunti. Yaani nilikuwa nagombana na mtu asiyehusika. Nikaandika upya yote, safari hii kuhusu mikataba, na ndo kazi pekee yangu iliyofika juu. Kwa hiyo dogo, kabla hujasema sera mbovu onyesha kifungu, na msimu wa kwenu usiuache nyumbani, mle ofisini wengi hawajui mnada unaanza lini.

La mwisho ni mdomo. Ukishafanya kazi hizi watu watakuuliza benki ipi iko salama, na we usijibu, hata kwa utani. Niliporudi nilikaa kwenye kahawa Mikindani mzee mmoja akanichokoza, nikajifanya mjuaji nikasema zipo zenye mtaji mwembamba, basi, jina sikutaja. Kesho yake asubuhi shangazi yuko mlangoni na pochi kwapani anataka nimsindikize akatoe hela zake zote za korosho. Nikamtuliza, shangazi, hata benki ikifungwa kuna Bodi ya Bima ya Amana, zamani walikuwa wanalipa mwisho milioni 1.5, tangu 2023 ni mpaka milioni 7.5. Akafikiria kidogo.

"Zangu tisa, baba. Hiyo moja na nusu je?"

Nikamwambia basi hiyo ipeleke benki nyingine, maana kinga inahesabiwa kwa kila benki. Jibu sahihi kabisa hilo. Akaniangalia, akaikumbatia pochi vizuri, akasema, "Kumbe kweli inafungwa."