Kumcheza Yama huku nauguza: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu Bharatanatyam

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kama mdogo wako anayetibiwa saratani ya titi atapata faida yoyote akijiunga na darasa la Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, au haya mambo ya "ngoma inaponya" ni maneno ya mitandaoni tu. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Kwanza, saratani haiponi kwa ngoma. Anayetajwa sana kwenye habari hizi ni Ananda Shankar Jayant, mchezaji wa Hyderabad aliyegundulika na saratani ya titi mwaka 2008. Alifanyiwa upasuaji, akapewa tibakemikali, na kati ya dozi na dozi akawa anacheza. Mwaka 2009 alisimama hadharani akayasimulia mwenyewe. Watu wanasambaza ile sehemu ya kucheza, ya hospitali wanaiacha. Mdogo wako asiruke hata dozi moja.

Mimi ngoma hii niliikuta Chennai, jimbo la Tamil Nadu, ambako ndiko kwao hasa. Nilikuwa nimempeleka mama kutibiwa, kama wafanyavyo Watanzania wengi. Tulipanga chumba ghorofani karibu na hospitali, na chini yetu aliishi mama mmoja mwalimu wa Bharatanatyam. Kila jioni tulisikia kijiti kikigonga kigogo cha mbao, na sauti yake ikihesabu: tei ya tei, tei ya tei. Mama ndiye aliyenituma nishuke nikajifunze. Nadhani alichoka kukodolewa macho kutwa nzima.

Somo linaanza kwa kuinama, kugusa sakafu na kuiomba radhi ardhi kwa vishindo utakavyoipiga. Mwishoni unaiomba tena. Katikati kuna aramandi: visigino vimegusana, magoti yamefunguka nje, umekaa nusu na mgongo umenyooka. Mapaja yanatetemeka, na ukiwa katika kutetemeka kule huwezi kuwaza majibu ya maabara. Ni nafuu, ila hata kukimbia kungekupa hiyo. Kilichonishika mimi ni abhinaya, yaani kusimulia kwa uso, macho na mikono.

Kisa nilichofundishwa ni cha Markandeya. Baba yake, Mrikandu, alipewa achague: mtoto mpumbavu atakayeishi sana, au mwenye hekima atakayeishi miaka 16 tu. Akamchagua mwenye hekima. Siku ilipotimia, Yama, mungu wa kifo, akaja na kamba yake. Kijana akalikumbatia lingam, jiwe la ibada la mungu Shiva, kamba ikawanasa wote wawili. Shiva akatoka humo kwa ghadhabu, akampiga Yama teke. Mchezaji ni mmoja, naye ndiye baba, ndiye kijana, ndiye Yama, ndiye Shiva. Habadilishi nguo wala hatoki jukwaani. Anageuka kidogo, mabega na macho yanabadilika, keshakuwa mwingine.

Mwalimu alinianzisha na Yama. Kidole cha shahada cha kushoto kinakunjwa kama kitanzi, cha kulia kinanyooshwa kumwelekea anayechukuliwa. Nilitegemea atataka macho makali na uso wa kutisha. Alitaka kinyume chake. Yama hana ugomvi na kijana, alinieleza. Siku imefika, naye amekuja kazini. Uso utulie, hatua zisiwe na pupa. Basi juu mama amelala na uchovu wa dawa, na mimi huku chini natembea kwa miguu ya kile nilichokiogopa kuliko vyote. Jioni baada ya jioni hofu ikapungua makali. Kifo sasa kilikuwa na uso na mwendo, kilikuwa na pa kuingilia na pa kutokea.

Mama hakupona. Kwetu hakuna Shiva aliyetoka kwenye jiwe. Alifariki baada ya kurudi nyumbani, na msibani niliambiwa kama anavyoambiwa kila mtu: jikaze, usilie sana, kazi ya Mungu haina makosa. Walionipa maneno hayo walinipenda, lakini hayakunionyesha huzuni niiweke wapi.

Ngoma ilinionyesha. Katika varnam, kipande kirefu na kigumu kuliko vyote, unasimulia uchungu kwa uso hadi machozi yanakaribia, halafu mapigo yanabadilika na unatakiwa uingie kwenye hatua tupu za kasi, uso safi, miguu ikifuata tala, yaani mzunguko wa mapigo, bila kuteleza. Zikiisha, unarudi kwenye uchungu ule ule. Unaingia, unatoka, unaingia tena. Mwili wangu ulijifunza hilo kabla ya akili: kwamba naweza kuzama katika kumlilia mama na bado nikarudi juu, na kurudi juu si kumsahau. Hii ndiyo faida ninayoweza kukuapia.

Mrinalini Sarabhai, mchezaji mashuhuri wa Bharatanatyam, alipofariki Ahmedabad, India, Januari 2016, akiwa na umri wa miaka 97, binti yake Mallika alicheza mbele ya mwili wa mama yake. Wapo walioshangaa. Mimi nilielewa kabisa: alimuaga kwa lugha waliyozungumza pamoja maisha yote.

Kuhusu dini, maana najua mtauliza: mimi ni Mkristo. Visa vingi ni vya miungu ya Kihindu na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini kule Tiruchirappalli kuna chuo cha Kalai Kaviri kilichoanzishwa na padri Mkatoliki, na wanafundisha Bharatanatyam. Mdogo wako azungumze mapema na mwalimu kuhusu nini atacheza na nini hatacheza.

Sasa ya vitendo. Mkao wa msingi unataka mikono ikae usawa wa mabega kwa muda mrefu. Kwa aliyepasuliwa titi, hasa akiwa ametolewa tezi za kwapani, hilo si dogo, mkono unaweza kuvimba. Amuulize daktari na mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Aramandi nayo ni mzigo kwa magoti ya mtu aliyedhoofishwa na dawa. Aombe kuanza na alama za mikono na abhinaya ya kukaa kitini. Hiyo ni sanaa kamili, na wapo wachezaji wakongwe wanaoifanya wakiwa wameketi. Mkimbieni mwalimu anayeharakisha arangetram, onyesho la kwanza la hadhara. Lina gharama na presha asizozihitaji sasa.

Kama mpo Dar, nitumie ujumbe. Ninayefundishwa naye sasa, Upanga, anapokea watu wazima wasiowahi kucheza kabisa.