Barua kwa mwanangu: Ulimlilia ami mpaka lini?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nilianza kuusoma usiku barazani, nikashindwa kuumaliza, nikaurudia baada ya sala ya alfajiri. Unasema huko Muscat wenzio unaokaa nao wamekwambia matanga yashaanuliwa, siku tatu zimepita na sasa mwezi wa pili unaingia, na kwamba kuendelea kumlilia mdogo wako ni kumpinga Mwenyezi Mungu. Ukaniuliza: "Baba, ulipofiwa na ami, ulimlilia mpaka lini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nitakujibu, lakini kwanza nikutoe hofu ya dhambi, maana naona imekukalia.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mwanamke kukaa hidadi zaidi ya siku tatu kwa maiti yeyote isipokuwa mumewe, ambaye hidadi yake ni miezi minne na siku kumi. Hidadi ni kuacha mapambo na kujizuia. Kingine kilichokatazwa ni mayowe, kupasua nguo na kujipiga mashavu. Machozi hayamo humo. Yeye mwenyewe yalimtoka pale mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, na alipoulizwa akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila la kumridhisha Mola wetu. Na Sura Yusuf uliisoma mwenyewe kwenye chuo cha Kurani: Nabii Yaakub alimhuzunikia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Waeleze wenzio kwa upole. Nia yao ni nzuri.

Sasa ami yako. Alinifuata mimi, tumepishana miaka minne. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya 10 Septemba 2011 alikuwamo kwenye ile meli iliyozama mkondo wa Nungwi ikija kwetu Pemba. Alikwenda Unguja kula Idd kwa wakwe zake. Utakumbuka nyumba ilivyojaa watu na redio haizimwi. Nilivuka kwenda Unguja, nikapita pale viwanja vya Maisara walikolazwa maiti, nikitazama uso baada ya uso, sikumkuta. Ambao hawakutambuliwa walizikwa kijiji cha Kama. Huenda yumo, huenda amebaki baharini. Tukamsalia sala ya ghaibu, tukasoma hitima, watu wakarudi makwao. Mimi sikulia. Nilikuwa na mama wa kumshika mkono na mjane wa kumwangalia, nikadhani ukubwa ndio huo.

Mwaka wa tatu, Ramadhani kumi la mwisho, nikaenda Chake kununua kanzu ya Idd. Tangu babu yako afariki, mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia ami yako. Nikamwambia muuza duka, "Nipe 58 moja na 54 moja." Akazikunjua juu ya meza. Ile 54 nikaiona imelala pale, nyeupe, imenyooka. Nilikaa chini kwenye kizingiti cha duka, mwanangu, na ndevu zangu hizi, nikalia mpaka yule bwana akarudisha mlango nusu ili wapita njia wasinione. Hapo ndipo nilipoanza kumlilia ndugu yangu.

Basi ukiniuliza mpaka lini, sijamaliza. Kulia hakuji kila siku. Lakini kila nikivuka kwa boti, tukifika mkondo wa Nungwi natoka nje, nashika chuma cha ubavuni, namsomea Fatiha na Kulhuwallahu mara tatu. Safari nyingine namaliza macho makavu. Nyingine siwezi kufika mwisho.

Na kumlilia mdogo kuna jambo lake. Babu yako nilipomzika, nilimzika mtu niliyemkuta duniani. Mdogo wako wewe ulimpokea. Uliwekewa mapajani akiwa na siku saba, ukaambiwa shika kichwa. Tangu siku ile ukawa unaulizwa jioni, "Mwenzio yuko wapi?" Miaka yote hiyo umezoea kumtafuta kwa macho kabla hujaingia ndani. Mazoea hayo hayaondoki kwa sababu majamvi yamekunjwa.

Umeandika kwamba kinachokuuma kuliko yote ni kuwa hukuwahi maziko. Hata ungekuwapo ungebaki ndani na mamako na shangazi zako, kwetu wanawake hawendi makaburini siku ya kuzika. Kwa hiyo nakusimulia kama nilivyomsimulia mamako.

Alipanda asubuhi, mkarafuu ule mrefu wa karibu na mpaka. Tawi la mkarafuu halionyi, huonekana zima kisha hukatika mara moja. Nilifika naye bado ana joto mkononi mwangu, lakini roho ilikuwa imeshatoka. Usikae usiku ukiwaza kwamba aliteseka. Tulimzika siku ile ile baada ya laasiri. Uani karafuu zilikuwa zimeanikwa. Majirani wakazizoa, wakayakung'uta majamvi, na hayo hayo ndiyo tuliyowatandikia waliokuja kuhani. Siku tatu watu wamekaa, wamesoma, wamekula, na harufu ya karafuu inatoka chini yao.

Kaburini niliingia mwenyewe na wajomba zako wawili. Juu walitutandia shuka la kijani, hata mikono yetu ikaonekana ya kijani. Tukamlaza kwenye mwanandani kwa ubavu wa kulia, anaelekea kibla. Nikafungua vifundo vya sanda, nikaufunua uso ili shavu liguse mchanga. Hapo nikaliona lile kovu la nyusi ya kushoto. Ulidhani silijui. Ulikuwa na miaka tisa, unatoka kisimani umemweleka, ukajikwaa, ukamwambia mamako kaangushwa na mbuzi. Yeye mwenyewe alikuja kunambia ukubwani, huku anacheka, akaniapisha nisikuseme. Nililigusa kwa kidole, nikalitaja jina lako, nikasema, "Dada yako anakusalimu." Kisha tukapanga viunza, nikapanda juu, tukafukia.

Hiyo simu yake ya Alkhamisi ambayo hukuipokea, ondoa uzito. Nilikuwa nimekaa naye alipopiga. Alitaka tu kukuonesha mikarafuu ilivyobeba mwaka huu. Ilipoita bila kujibiwa akasema, "Yuko kazini, nitampigia Jumamosi," akaendelea kuchambua makonyo ya karafuu. Hakuwa amekasirika wala hakuwa na shida aliyotaka kukwambia. Na ule ujumbe wake wa sauti usiufute kwa kuambiwa na mtu. Usikilize ukiweza, uache ukishindwa.

Umeuliza pia umfanyie nini. Deni lake la dukani nimeshalipa, na nimelilipa kwa karafuu zake mwenyewe za siku ile. Mamako alizianika mpaka zikakauka, hakutaka mtu mwingine azishike, kisha nikazipeleka kituo cha karafuu zikapimwa. Kilichobaki nimekiweka, tumechimba kisima kipya pale chuoni na bado pampu. Ukijaaliwa, changia hapo kwa niaba yake. Na huko uliko mwombee dua kila baada ya sala, nami nafanya hivyo.

Mamako hajambo kiasi. Anakula. Chumba cha mdogo wako amekifunga, ufunguo anautia kwenye pindo la kanga, hata mimi hanipi. Nilimuuliza mara moja tu, akanambia, "Mpaka dada yake aje." Kwa hiyo ukipata likizo njoo, usingoje Idd. Mtakifungua pamoja, na asubuhi yake mimi nitakupeleka kaburini. Tumepanda mrehani upande wa kichwa, umeshika vizuri.

Babako,
Wete