Barua kwa Mwanangu: Wakikuuliza Udhaifu Wako

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu Nabwire,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, sukuma wiki ikikaribia kuungua. Umeniuliza: "Mama, Alhamisi nina intavyuu ya nne, ya kazi ya kutunza stoo. Kila mahali wananiuliza udhaifu wangu ni upi, na kila nikijibu naona nyuso zinabadilika. Nidanganye au niseme kweli?" Ukanieleza na yaliyokupata kwenye ile ya tatu, ulipowaambia kwamba udhaifu wako ni kupenda kila kitu kiwe kamili, na mzee aliyekaa katikati akatazama dari.

Alitazama dari kwa sababu jibu hilo alikuwa ameshalisikia asubuhi hiyohiyo, pengine mara nne. Nalijua hilo kwa kuwa na mimi hukaa upande wake wa meza. Kwa miaka 22, kwenye hoteli yangu ya chakula hapa mpakani, nimeajiri wapishi, wahudumu, waosha vyombo na vijana wa kuchoma nyama, watu wa kuwalisha madereva wanaosubiri karatasi zao zipite forodhani. Fomu sina, jopo sina, ila moyo wa anayeajiri naujua. Mwenye kazi ana hofu, mwanangu. Anakaribia kumkabidhi mgeni ufunguo wa stoo yake. Ukikaa mbele yake anatafuta kitu cha kumtuliza, na maneno matamu hayamtulizi.

Unawakumbuka wale wasichana wawili wa chapati? Wewe ulikuwa Senior Two, mwaka wa pili wa sekondari, umekaa pembeni unamenya vitunguu. Wa kwanza aliniambia yeye ni mchapakazi, mwaminifu, anajituma, anapenda kazi ya pamoja. Nikafurahi, nikampa unga, chumvi na jagi la maji. Akamimina maji yote kwa mpigo mmoja. Tulibaki tunatazamana juu ya beseni la uji, naye bado anasema anajituma. Wa pili aliingia kimya, akaangalia kikaango, akaangalia jiko, kisha akauliza: "Mama, hapa kilo moja ya unga mnatoa chapati ngapi?" Nilimwajiri kabla hajanawa mikono. Alikaa nami miaka tisa, na siku alipoondoka kwenda kufungua hoteli yake mwenyewe nililia.

Kwa hiyo wakikuambia "tueleze kuhusu wewe", usiwapangie sifa kama shanga. Wape jambo ulilolifanya. Waambie ulipokuwa mafunzoni kwenye lile ghala la Jinja, siku mifuko 40 ya saruji ilipokosekana kwenye hesabu: ulirudia karatasi moja moja mpaka ukagundua lori moja limeandikwa mara mbili. Ulinisimulia kwa simu usiku ule ukiwa unapiga kelele za furaha. Wasimulie hivyohivyo, bila kelele. Dakika mbili zinatosha. Mambo ya kuzaliwa Busia na kusoma wapi wanayo kwenye karatasi.

Sasa udhaifu. Sema kweli, ila uchague kweli ambayo tayari umeifanyia kazi. Na udhaifu wako naujua mimi niliyekuzaa. Ukiambiwa mambo matatu kwa mdomo, mawili yanapotea njiani. Ulikuwa na miaka tisa nilipokutuma sokoni ulete chumvi, vitunguu na mafuta ya taa. Ulirudi na vitunguu, pamoja na habari nzima ya harusi ya jirani, mpaka rangi ya gauni la bibi harusi. Tulikula mchuzi bila chumvi, na baba yako, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akashindwa kumeza. Lakini kuanzia ulipoingia sekondari ukaanza kutembea na kidaftari, kila unachoagizwa unaandika. Jibu lako ni hilo hapo. "Nikiambiwa mambo mengi kwa mdomo, huwa nasahau. Kwa hiyo naandika palepale, kisha namsomea aliyeniagiza nione kama nimemwelewa." Kidaftari kiwe kwenye mkoba, ukitoe uwaonyeshe. Mtu anayetafuta mtunza stoo akiona kidaftari kilichochakaa pembeni kwa kuandikwa, hofu yake inapungua.

Usije tu ukataja udhaifu unaoiua kazi yenyewe. Mtunza stoo hasemi hesabu zinamchanganya. Ingawa, kuna kijana nilimuuliza swali hilohilo, kazi ikiwa ya kuwasha majiko saa kumi na moja alfajiri, akanijibu kwa macho makavu: "Mama, udhaifu wangu ni kuamka." Nilicheka mpaka nikaketi. Kazi ya alfajiri sikumpa, bali nilimpa zamu ya usiku, kuwapakulia supu madereva wanaochelewa kuvuka. Mpaka leo ndiye anayefunga hoteli. Kweli yake ilimpatia mahali pake, na mimi ilinipa mfanyakazi. Angenidanganya, ningekuwa na majiko baridi wiki nzima na yeye angekuwa amefukuzwa.

Halafu mshahara. Umeandika kwamba wakikuuliza huwa unasema "chochote mtakachonipa". Nabwire, acha! Mtu akiniambia hivyo, namhesabia kidogo kabisa, na sioni vibaya kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. Sheria nayo haitakuokoa: kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria Uganda ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na siku hizi hizo hazikufikishi mbali hata kwa boda. Waulize rafiki zako wanaofanya kazi maghalani wanapata ngapi, kisha utaje kiwango kutoka hapa mpaka hapa. Uliza pia kama fedha wanayoitaja ni kabla ya makato au baada. Kwa viwango vya PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza 2012, mshahara wa 800,000 unakatwa kodi 142,000, na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, wanachukua asilimia 5 yako, yaani 40,000. Unabaki na 618,000. Mwajiri naye anakuwekea NSSF asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Akikwambia kwake hakuna NSSF, ujue unazungumza na mtu wa namna gani. Kodi ya chumba chako huko Kireka, nje kidogo ya Kampala, huilipi kwa 800,000, unailipa kwa zile 618,000.

Huyo aliyekupigia simu akitaka umtumie 200,000 ili jina lako lipande juu, usimtumie hata mia. Mjomba wako aliuza ng'ombe kumpa mtu wa namna hiyo. Simu ikazimwa na ng'ombe hakurudi. Kazi ya halali hainunuliwi, na anayekuuzia kazi leo atakuuzia na likizo yako kesho.

Na usiache Kiswahili chako nyumbani. Najua wenzako chuoni walikuwa wanakutania kwamba unaongea kama askari. Lakini ghala la hao waliokuita Alhamisi, lile la Namanve, linapokea mizigo ya Sudan Kusini na Congo, na madereva wanaoileta kutoka Mombasa wanaongea nini? Julai 2022 baraza la mawaziri lenyewe lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Wewe umekinyonya hapa hotelini, ukibebwa mgongoni na mwanamke anayegombana na madereva kuhusu chenji. Waambie unaweza kumpigia dereva aliyekwama Malaba mkaelewana. Hilo lina thamani ya fedha kwao.

Mengine unayajua. Kitambulisho cha taifa, barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, vyeti vya UNEB, yaani vya mitihani ya taifa, na vya chuo, asili na nakala, kwenye bahasha moja. Ofisi yao iko mjini, kwa hiyo toka Kireka saa kumi na mbili asubuhi, upande teksi. Boda boda zilizaliwa hapahapa kwetu Busia, za baiskeli, zikivusha watu kutoka boda hadi boda, nami nazipenda. Lakini si kwa blauzi nyeupe, na Kampala imenyesha wiki nzima. Ukifika mapema, keti kwenye kibanda cha chai, unywe polepole. Msalimie mlinzi getini kama unavyomsalimia baba mkubwa. Mimi humuuliza mhudumu wangu wa mlangoni kila mara: "Yule aliyekuja kuomba kazi alikusalimiaje?"

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiseme huna. Uliza swali la yule msichana wa chapati: kwa siku wanapokea malori mangapi, na kinachowasumbua zaidi stoo ni nini? Kisha sikiliza, uandike kwenye kidaftari. Uliza na muda wa majaribio ni miezi mingapi. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema isizidi sita, na kuongeza mingine mpaka wewe ukubali.

Nimempa dereva wa basi la asubuhi mfuko wako: mukene, wale dagaa wetu, waliokaangwa, unga wa wimbi, na ile sketi nyeusi niliyoitoa kwa fundi, nimeipunguza kiunoni. Jumatano saa mbili usiku nitakupigia. Simu ukiipokea sitakusalimia, nitasema tu: "Binti, tueleze kuhusu wewe." Usinijibu "Mama, si unanijua." Jibu, nikusikie.

Mama yako