Maswali ya Wasomaji: Herufi S kwenye Mpini wa Gofu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajiundia fimbo za gofu nyumbani. Zile za chuma nimezitia mipini (fito zinazounganisha mshiko na kichwa) ya chuma yenye herufi S, yaani stiff au ngumu, na sasa nataka kutia mpini wa kaboni kwenye draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira mbali. Je, nichague S vilevile?
Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, anzia S, lakini usiiamini mno herufi hiyo. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, hivyo S ya mmoja huweza kuwa laini kuliko R (regular, yaani ya kawaida) ya mwingine. Kinachofaa kulinganishwa ni mitikisiko: fimbo hubanwa upande wa mshiko kwenye jiliwa, kichwa huvutwa kando na kuachiliwa, kisha huhesabiwa mara inazotikisika kwa dakika. Kwa kuwa fimbo ndefu hutikisika polepole kuliko fupi, usitafute idadi iliyo sawa bali mteremko usiovunjika kutoka fimbo za chuma hadi zile tunazoziita za mbao, draiva ikiwemo, ingawa siku hizi hazina hata kibanzi cha mti. Mafundi wengi hupunguza takribani mitikisiko 8 kwa kila inchi inayoongezeka. Chuma namba 5 yenye inchi 38 ikitikisika mara 300, draiva ya inchi 45 ingetakiwa kukaribia 244.

Mashine ya kupimia ni ghali, na sioni sababu ya kuiagiza kwa ajili ya seti moja. Simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde inatosha: hesabu picha zinazopita fimbo ikitikisika mara 10. Picha 480 ni mitikisiko 300 kwa dakika, na picha 590 ni karibu 244. Bana inchi 5 kila mara, wala usilinganishe idadi zako na za karakana nyingine, kwa sababu jiliwa hazibani sawasawa.

Pima kabla ya kutia gundi, kichwa kikiwa kimeshikizwa kwa utepe tu (hapo usithubutu kupiga mpira). Draiva ikionekana laini mno, punguza nusu inchi kwenye ncha inayoingia kichwani, upime tena. Ukikata upande wa mshiko, ugumu hubadilika kidogo tu. Ukibaki kati ya mipini miwili, mimi ningechukua ulio laini zaidi, kwani huo unaweza kukazwa kwa msumeno, ilhali mgumu haulainishiki.