Tyuna mbili kwenye kompyuta ya sebuleni: hesabu masafa, si stesheni

SWALI: Fundi, hujambo? Hapa kwetu Mombasa nina kompyuta ndogo nyuma ya televisheni, ya Linux, nimeiwekea Tvheadend (programu ya kupokea na kurekodi stesheni) na Kodi (ya kutazamia). Nilianza na tyuna moja ya USB ya DVB-T2, yaani kijiti cha kunasa stesheni za dijitali za antena, mambo yakawa shwari. Shida ni saa moja jioni: mimi nataka kurekodi taarifa ya habari ya Citizen na ya NTV, mama anataka KBC, watoto nao wana katuni zao. Nikanunua tyuna ya pili ya aina ileile, nikagawa waya wa antena kwa splita, nikazichomeka zote mbili kwenye habu ya USB, kile kifaa cha kuongeza matundu. Sasa hata ile ya kwanza picha inakatika vipande vipande, na ya pili hupotea kabisa baada ya nusu saa hivi. Nibadilishe programu?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Programu iache ilivyo, haina kosa. Una magonjwa mawili tofauti, moja kwenye waya na jingine kwenye habu. Kabla ya hayo, hebu tuone kama hiyo tyuna ya pili uliihitaji.

Zamani za analojia kila stesheni ilikuwa na masafa yake. Siku hizi masafa ni kama gari la matatu: yanabeba stesheni kadhaa kwa safari moja. Tyuna moja hukamata matatu moja tu kwa wakati, lakini ikishaikamata imewapata abiria wote waliomo. Citizen, NTV na KTN ni za mashirika matatu yaliyoungana kuanzisha mtandao wao wa kurusha matangazo, ADN, wakati Kenya ilipohamia dijitali mwaka 2015. KBC hurushwa na Signet, kampuni tanzu yake, kwa hiyo iko kwenye masafa mengine. Fungua orodha ya stesheni ulizopata kwenye skani, utazame safu ya masafa. Ukikuta Citizen na NTV zina nambari moja, tyuna moja inatosha kuzirekodi zote mbili kwa pamoja, na bado ukatazama ya tatu iliyo humo humo. Tvheadend hufanya hivyo yenyewe bila kuambiwa. Ya pili itafanya kazi mama anapotaka KBC tu. Kwa hiyo hukupoteza pesa, ila usikimbilie kununua ya tatu na ya nne kwa sababu nyumbani mko watu wanne.

Sasa waya. Splita ya njia mbili haigawi bure. Kila upande hupata chini kidogo ya nusu ya nguvu iliyoingia, upungufu wa desibeli 3.5 hivi, ya njia nne hupunguza kama 7. Kwenye UHF, masafa ya televisheni za antena, mita 20 za waya mzuri wa RG6 hula karibu kiasi hicho cha kwanza, kwa hiyo ulipofunga splita ni kama umeongeza mita 20 za waya kati ya antena na tyuna. Analojia ingekuonyesha chengachenga, ukajua mawimbi yamepungua. Dijitali haionyi mapema: picha ni safi, safi, safi, halafu ghafla ni vigae. Tyuna yako ya kwanza ilikuwa ikiishi ukingoni bila wewe kujua, na splita ikaisukuma.

Isome pia hiyo splita yenyewe. Zile za dishi huandikwa 950–2400 MHz, na stesheni za antena ziko chini ya hapo kabisa, kati ya 470 na 694. Unayoitaka ni ya 5–1000 MHz. Nasema kwa uchungu, maana nyumbani kwangu niliwahi kushinda siku mbili nikisakinisha na kusakinisha upya mfumo mzima, kumbe nimefunga splita ya dishi niliyoiokota kwenye sanduku la vikorokoro.

Kama splita ni sahihi na mawimbi bado hayatoshi, weka amplifaya, lakini iweke juu kwenye mlingoti, karibu na antena. Ukiiweka sebuleni inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka pamoja na kelele zote zilizoingia njiani. Ya mlingotini hupelekewa umeme kupitia waya uleule wa antena, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Mpangilio uwe hivi: antena, amplifaya, waya wa kushuka, kile kiboksi cha umeme, ndipo splita, kisha tyuna. Ukiweka splita kabla ya kiboksi, mara nyingi huuzuia umeme usipande juu, na amplifaya isiyo na umeme ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Kama unauona mnara wa matangazo kutoka barazani kwako, sahau amplifaya, kwa sababu mawimbi makali mno nayo huivuruga tyuna.

Tyuna inayopotea baada ya nusu saa, huo si mchezo wa antena. Tundu la USB 2.0 limekadiriwa miliampia 500, na habu isiyo na chaja yake hugawa hizo hizo kwa vyote vilivyochomekwa. Tyuna mbili zikichapa kazi pamoja, moja huzimia. Joto nalo huchangia. Kigusie kidole kile kijiti baada ya nusu saa uone. Chomeka kila moja kwenye tundu lake nyuma ya kompyuta, kwa waya mfupi wa kuongezea ili zisibanane, au nunua habu yenye chaja yake. Wapo watakaokwambia USB haina nafasi ya kupitisha stesheni zote hizo. Si kweli: USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde, na masafa mazima ya DVB-T2 hayavuki 50 na kidogo.

Utajuaje lipi ni lipi? Ukurasa wa hali wa Tvheadend huonyesha ubora wa mawimbi na hesabu ya makosa ya kila tyuna. Ubora ukiwa chini na makosa yakapanda, rudi kwenye waya. Ubora ukiwa mzuri lakini makosa ya mwendelezo (vipande vya data vinavyopotea katikati) yanapanda, shuku USB. Anza na tyuna moja bila splita, andika nambari zake kwenye karatasi, kisha ongeza splita, kisha ya pili. Hatua moja kwa wakati, hata kama watoto wanalia.

Kwenye mipangilio, zifunge tyuna zote mbili kwenye mtandao mmoja wa DVB-T. Ukitengeneza mitandao miwili, utaona kila stesheni mara mbili na Kodi itakuchanganya. Na usisumbuke Linux ikibadilisha nambari zao, adapter0 ikawa adapter1: ziko kwenye antena moja, yoyote itafanya kazi ya mwenzake. Ingekuwa moja iko kwenye antena na nyingine kwenye dishi, hapo ingebidi uzifunge nambari.

Kama ningekuwa naanza leo, ningenunua kifaa kimoja chenye tyuna mbili ndani, mfano WinTV-dualHD ya Hauppauge: tundu moja la antena, tundu moja la USB, splita hununui. Au HDHomeRun, ambayo hukaa karibu na antena na kuleta picha kwa waya wa mtandao. Dukani hakikisha umeona DVB-T2 kwenye boksi. Zile za DVB-T peke yake ni za bei rahisi kwa sababu hapa kwetu hazishiki kitu.

Diski haitakusumbua. Stesheni ya kawaida ya megabiti 2.5 kwa sekunde hula kama gigabaiti 1.1 kwa saa. Na hizo katuni za watoto, kama ni za kulipia, zimefungwa kwa msimbo na tyuna hizi hazitazifungua hata ukiwa nazo kumi. King'amuzi chao kiache palepale kilipo.