Violette na kombe la mezani

Mmeuliza wiki hii: "Timu iliyopewa kombe bila fainali kuchezwa, ni bingwa wa kweli?" Nasema ndiyo, na mfano wangu unatoka Haiti.

Violette AC ilianzishwa Port-au-Prince mwaka 1918. Mwaka 1984 ilitwaa Kombe la Mabingwa la CONCACAF, yaani shirikisho la soka la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi, bila fainali kupigwa. Violette walishavuka upande wao, wanasubiri mshindi kati ya Guadalajara ya Mexico na New York Pancyprian-Freedoms, timu ya wahamiaji wa Kupro waishio Marekani. Wale wawili wakavutana kuhusu tarehe za mechi mpaka wakaondolewa wote, kombe likaenda Haiti. Sasa kosa la Violette liko wapi? (Kuna Wahaiti wengine, Racing Club Haïtien, waliolipata la 1963 mezani vilevile baada ya Guadalajara haohao kushindwa kutokea. Nadhani Guadalajara na Haiti wana yao.)

Na msidhani ni timu ya bahati tu. Kiungo wao Philippe Vorbe ndiye aliyempenyezea mshambuliaji wa Haiti, Emmanuel Sanon, ile pasi ya Kombe la Dunia la 1974, Sanon akamzunguka kipa wa Italia, Dino Zoff, na kufunga. Zoff alikuwa amekaa dakika 1,142 katika mechi za taifa bila kuokota mpira wavuni.

Ila kilichonimaliza ni Machi 2023. Violette walikuwa mabingwa wa klabu za Karibi tangu Mei 2022, walipowatoa Cibao kwa penalti kwao Jamhuri ya Dominika. Baada ya hapo hawakucheza mechi hata moja ya mashindano. Ligi ya Haiti ilikuwa imesimama, magenge yenye silaha yametawala mitaa ya mji mkuu. Kwenye Ligi ya Mabingwa ya CONCACAF wakapangiwa Austin FC ya ligi kuu ya Marekani, na mechi yao ya nyumbani ikabidi ichezwe ugenini, Santiago, hukohuko Dominika.

Wangejitoa, nani angewalaumu? Austin wangepita mezani, habari ingeishia kwenye mistari miwili ya gazeti. Wao wakaenda, wakapiga 3-0. Wachezaji wenye miezi kumi bila mechi! Kwenye marudiano kule Texas baadhi yao walikosa viza, kikosi kikapungua. Austin wakarudisha mawili, la tatu likagoma kuingia, Violette wakapita kwa jumla ya 3-2.

Wanaosema kombe la 1984 lifutwe waniambie kwanza: lipewe nani? Guadalajara na Freedoms walishindwa kukubaliana tarehe tu. Violette wa 2023 hawakuwa na ligi, uwanja wala viza za kutosha, na bado ilibidi León ya Mexico, iliyokuja kuwa bingwa mwaka huohuo, ndiyo iwatoe robo fainali.